Kikundi cha kuacha pombe Tanga mjini: mwanamke anaweza kukaa?

Fundi wa Ngamiani

Assalam aleykum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani. Kibanda changu kipo Ngamiani, nyumbani ni Makorora, naishi na mama yangu na wanangu wawili. Nakunywa pombe kila siku. Sinywi na watu, sinywi kwenye sherehe, nakunywa peke yangu. Nyumbani anayejua ni mama tu, naye hajawahi kulitamka.

Ilivyoanza sitaeleza, ni mambo ya talaka na yaliyofuata, wengi mnayajua. Nieleze ilipofika. Nainunua Kange karibu na stendi, kwa sababu pale kila mtu ni msafiri na hakuna anayemtazama mwenzake. Nachukua bapa, nikifika kibandani namimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita na kuifunika kwa mabaki ya vitambaa. Zamani ilikuwa ya jioni baada ya kufunga kazi. Siku hizi nikiamka mikono inatetemeka, siwezi kutunga uzi mpaka nizimue. Binti yangu wa darasa la tano ndiye ananitungia kabla hajaenda shule. Anatunga sindano za kupindia tatu nne, anazichomeka kwenye kitambaa, ananiambia, "Mama, hizi zitakufikisha mchana." Hajaniuliza kwa nini. Ndiyo sababu naandika leo.

Nataka kikundi. Nimesoma kwamba nchi za watu, na hata Dar na Zanzibar, ipo mikutano ya watu wanaoacha: mnakaa, mnaongea, mnarudi makwenu. Nimeulizia hapa na kila ninayemuuliza ananipeleka kwingine. Wa kwanza alinielekeza soba hausi, zile nyumba wanakokaa watu wanaoacha ulevi. Nikapiga simu, kaka aliyepokea alinijibu kwa adabu, akasema wao hawana nafasi ya wanawake, na anayeingia anakaa miezi. Miezi hiyo wanangu nimwachie nani? Mama miguu inamsumbua, hata sokoni haendi. Tena wengi waliomo mle ni vijana wa dawa za kulevya, nawaombea heri, ila yangu ni pombe. Wa pili alinisomea hukumu. Hukumu naijua tangu madrasa, na kila usiku najisomea mwenyewe. Kinachonishinda ni ile saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo nauliza. Kuna kikundi cha namna hiyo Tanga mjini? Mwanamke wa baibui anaweza kuingia akakaa bila kugeuzwa kituko? Wanaandika majina? Mji wetu mdogo huu, akina mama wengi wa Ngamiani nimewashonea mimi. Nikionekana kwenye mlango usiofaa nimekwisha, na wanangu wanakula kwa cherehani hii. Na la mwisho: niache kwanza ndipo niende, au niende hivi hivi nilivyo?

Karani Mstaafu

Waaleykum salaam, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linalowarudisha wengi mlangoni. Njoo hivi hivi ulivyo. Sharti ni moja tu, uwe na nia ya kuacha kunywa. Mtu hatumnusi mdomo. Tunachoomba ni kwamba aliyekunywa siku hiyo akae asikilize, na zamu ya kusema aipate siku nyingine.

Kikundi kipo, kidogo, hakina bango wala mhuri. Mimi nilikuwa karani bandarini na pombe nimeiacha miaka mingi sasa. Mwanzoni mikutano nilikuwa naifuata Dar kwa basi, nalala kwa mdogo wangu Temeke, kesho yake narudi. Nauli ikanishinda. Ndipo nikaanza kukaa na mwenzangu mmoja kwenye baraza ya nyumba yake Chumbageni, wawili tu, kila wiki, na chai ya rangi. Watu wakituona walidhani tunacheza bao.

Kuanza wawili hakukutupa wasiwasi kwa sababu kazi hii yenyewe ilianza na wawili. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, dalali mmoja wa hisa kutoka New York aitwaye Bill Wilson alikuwa hotelini, biashara iliyompeleka imeharibika, na baa ya hoteli iko hatua chache. Alikuwa na miezi michache tu tangu aache. Badala ya kuingia baa akaenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuongea naye. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imemweka pabaya. Daktari alikubali kumpa dakika 15. Walikaa zaidi ya saa 6. Bill hakumhubiria, alimsimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Siku ambayo daktari yule alikunywa kwa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous (AA), yaani walevi wasiotaja majina, na sisi hapa tunafuata hatua zao 12, mambo ambayo mtu anayapitia moja baada ya jingine ili aache na asirudie.

Kuhusu wanawake: wakati ule karibu wote walikuwa wanaume, na wapo walioshikilia kwamba mwanamke mwenye heshima hawezi kupatwa na ugonjwa huu. Mwaka 1939 akaingia Marty Mann. Mkutano wake wa kwanza ulikuwa nyumbani kwa Bill kule Brooklyn. Alirudi tena, na tena, na mwaka 1944 akaanzisha chama cha kuwaelimisha Wamarekani kwamba ulevi ni maradhi na mgonjwa anastahili kusaidiwa. Nakutajia huyu ili ujue kiti chako hukiombi kwa mtu, kina wenyewe kabla yako.

Kwetu wapo wanawake wawili. Siwezi kukuambia ni akina nani wala wanafanya kazi gani, na wewe ukija hakuna atakayeambiwa habari zako. Mmoja wao nimemuuliza mchana huu kabla sijaandika. Amesema atakungoja chini, mpande pamoja.

Tunakutana Jumanne na Jumamosi saa kumi alasiri, chumba cha juu kwenye jengo lenye duka la kutoa kopi na ofisi nyingine nyingine. Anayekuona unapanda ngazi atajua umepeleka karatasi zako. Mahali penyewe nitakuandikia faragha. Majina hatuandiki. Utasema jina moja tu, na kama hilo nalo ni zito, sema lolote, tutakuita hilo hilo. Viti tunavipanga duara. Mmoja anasoma kipande kifupi kuhusu hatua ya wiki hiyo, halafu anayetaka anashea: anasema ya kwake, wala hakatizwi. Hakuna kumjibu, hakuna "mimi ningekuwa wewe", hakuna kupeana mawaidha. Hili wageni huwashangaza, maana sisi tumezoea kwamba mtu akitoa shida lazima apewe dawa pale pale. Ukitaka kunyamaza, sema "leo nasikiliza", zamu inapita. Mwisho kuna kisahani cha kuchangia chumba na chai. Mwenye mia tano anaweka, asiye nacho anapitisha sahani kwa mwenzake. Hatupokei fedha za mfadhili wala za mwanasiasa, na tumeshazikataa.

Dini: hatua zile zinamtaja Mungu, kila mtu kadiri anavyomwelewa. Tunafungua kwa kunyamaza kidogo, kila mtu anaomba anavyojua. Waislamu tupo, Wakristo wapo, na wapo wasiosema wako wapi.

Sasa hofu yako kubwa. Utakutana na mtu unayemjua, Tanga hii hilo halikwepeki. Lakini naye atakuwa amekaa kwenye kiti kwa shida ile ile, na siri yako na yake ni moja. Sitakuficha, iliwahi kutokea mtu akatoa maneno nje. Tulimwita, tukaongea naye kwa ukali, na aliyetajwa tulikwenda kwake wote kumwomba radhi. Tangu hapo kila mkutano tunaufungua na kuufunga kwa kukumbushana kwamba yaliyosemwa hapa hayashuki ngazi.

Muuguzi wa Zamu

Dada, mzee amekwambia njoo ulivyo, nami nakubaliana naye. Ila nimesoma habari ya uzi na sindano mara mbili. Tafadhali usiache ghafla ukiwa nyumbani.

Mikono kutetemeka asubuhi mpaka uzimue maana yake mwili umeshaizoea pombe, na ukikosa unaasi. Kwa mtu wa hali hiyo, kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kukata. Wengine hupata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Halafu kuna hali mbaya zaidi ambayo kwa kawaida huja siku ya pili hadi ya nne: mtu anachanganyikiwa, anaona wadudu ukutani au watu wasiokuwepo, homa inapanda. Hali hiyo inaua. Nimeona familia zikidhani ni majini, zikampeleka mgonjwa kusomewa siku nzima, na hospitali wakaja naye amechelewa. Kusomewa kuwe, lakini kuwe kitandani hospitali dripu ikiwa mkononi.

Nenda Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, uulize huduma ya afya ya akili. Jina lisikutishe, watu wa pombe ndiko wanakohudumiwa. Usiseme "naumwa kichwa". Sema hivi: nakunywa kila siku, kiasi hiki, mara ya mwisho ni saa fulani, asubuhi natetemeka, sijawahi au nimewahi kupata degedege. Sentensi hizo zitakuokolea muda mwingi. Huenda wakakuuliza maswali 10 kuhusu unywaji wako, ni kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kila jibu lina alama na jumla ya juu ni 40. Jibu ukweli. Kisha daktari ataamua kama unalazwa au unatibiwa ukitokea nyumbani. Dawa inayotumika sana ni daizepamu, inapunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, maana pombe huimaliza mwilini na ubongo unaihitaji. Tafadhali hiyo daizepamu usijinunulie dukani. Ikichanganyika na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Mpaka siku ya kwenda, usijikaze ukakata mara moja. Kula, kunywa maji, usilale peke yako chumbani. Likija degedege au kuchanganyikiwa, ni hospitali muda huo huo, hata saa nane usiku.

Na jambo moja la wanawake. Kiasi kile kile kinachonywewa na mwanamume huingia kwenye damu yetu kwa ukali zaidi, kwa sababu mwili wetu una maji kidogo kuliko wao, na ini letu huharibika mapema. Kwa hiyo usijilinganishe na wanaume unaowaona wananywa miaka na bado wanatembea.

Kijana wa Duga

Dada pole sana. Mbona kuna njia rahisi? Kuna unga wanauza, unatiwa kwenye chai au mchuzi, mtu akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia. Shemeji yangu alitiliwa bila kujua. Mama yako anaweza kukusaidia kwa hilo.

Muuguzi wa Zamu

Kijana wa Duga, najua umesema kwa nia njema. Lakini naomba mtu yeyote anayesoma asifanye hivyo.

Ipo dawa halisi ya hospitali inayofanya kazi kwa namna hiyo, inaitwa disulfiramu. Inazuia mwili kumaliza sumu inayotokana na pombe, sumu inarundikana, uso unawaka, mtu anatapika, moyo unakimbia, presha inashuka. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kufa. Ndiyo maana hutolewa kwa mtu anayejua anachomeza na amekubali, akiwa hajagusa pombe kwa angalau saa 12, na anaambiwa kwamba hata akiacha vidonge bado anaweza kudhurika akinywa ndani ya wiki mbili. Kumtilia mtu kwenye chai bila habari ni kumtegea. Na ule unga wa mtaani hakuna anayejua una nini ndani.

Tena mtu akigundua ametiliwa, hali tena chakula cha nyumba ile kwa amani. Fundi anatafuta watu wa kuwaamini.

Mama Muheza

Shoga yangu, nimekusoma nikiwa shambani na nimeshindwa kuendelea na kazi mpaka nikujibu.

Mimi si mnywaji. Mnywaji alikuwa mume wangu, gongo na tembo, kila kilichopita mbele yake. Nilimfuata vilabuni usiku, nilimwaga chupa, nilimlipia madeni, nilimsingizia homa kazini kwake. Niliyoyafanya yote hayakupunguza hata glasi moja. Kilichomsaidia ni matibabu, kisha kukaa na wenzake. Alilazwa Lutindi, ile hospitali ya afya ya akili ya kanisa la Kilutheri (KKKT) kule milimani Korogwe, na alipotoka akapata mikutano kwa simu.

Hili la simu usilidharau. Mikutano ya AA kwenye mtandao ipo saa zote, usiku na mchana, na mingine ni ya wanawake watupu. Mingi ni ya Kiingereza, lakini ukifunga kamera na kuzima sauti unaweza kukaa hata kama lugha inakupita kidogo. Mume wangu Kiingereza chake ni cha darasa la saba na alikaa. Bando likiisha alinunua jingine kwa hela ambayo ingekuwa ya gongo. Ile saa kumi na moja jioni unayoisema, weka simu na spika za masikioni pembeni ya cherehani.

Ila simu isiwe badala ya watu kama watu wapo. Kwenye simu ni rahisi kuzima. Mtu aliyekaa mbele yako anakuona umekonda.

Halafu mama yako. Yeye pia ana mzigo. Wake na ndugu wa walevi nao wana mikutano yao, inaitwa Al-Anon, ilianzishwa mwaka 1951, na mmoja wa waanzilishi ni Lois, mke wa huyo huyo Bill. Mimi nilijifunza huko kwamba ulevi wa mume wangu sikuuleta mimi na siwezi kuutibu kwa kupiga kelele. Hapa kwetu Muheza tupo wanawake wachache tunaokaa kwa ajili hiyo, alasiri ya Jumapili, tunapukuchua mahindi huku tunaongea. Mama akitaka kuongea na mtu mzima mwenzake, namba yangu nitakupa faragha.

Fundi wa Ngamiani

Nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya. Nawashukuru wote, na Muuguzi nakuombea kila la heri maishani.

Nilimwambia mama. Nilikuwa nimepanga maneno, hata nusu sikufika, akaingia ndani, akatoka na kanga yake na kadi yangu ya bima, akasema twende. Kwa miguu yake ile. Tulikwenda Bombo kwa bajaji. Nilisema zile sentensi kama Muuguzi alivyoniandikia, nilikuwa nimezinakili kwenye karatasi ya vipimo vya nguo, nikaisoma. Daktari hakunyanyua hata nyusi. Aliniuliza yale maswali 10, wakanilaza. Usiku wa pili nilikuwa naona uzi unatambaa kwenye shuka, nauokota, hauokotiki. Naandika haya kwa ajili ya mtu anayefikiri atajikaza nyumbani. Kama ningekuwa Makorora usiku ule, wanangu ndio wangeniona.

Nikatoka, mikono imetulia. Nikakaa siku kadhaa nikijiambia sasa nimepona, kikundi cha nini tena. Ikafika saa kumi na moja jioni moja, niko kibandani peke yangu, miguu inataka Kange. Nikampigia yule mama wa kikundi. Akaniambia, "Leo Jumanne, funga hapo, njoo, tumechelewa kuanza, ndio kwanza tunaweka viti."

Nilipanda ngazi nyuma yake. Nikakaa kiti cha karibu na mlango. Na mtu wa kwanza kumwona ni dereva wa bajaji aliyenibeba mara nyingi kutoka Kange, na mkoba wangu pajani. Nilitaka kusimama niondoke. Yeye alinisalimia kama anavyosalimia wote, akarudi kutazama chini. Zamu yake ilipofika alieleza jinsi alivyokuwa akiendesha amelewa na abiria nyuma. Mimi nilikuwa mmoja wa abiria wale na sikujua, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelewa. Sikusema hivyo. Zamu yangu nilisema jina langu la kweli na kwamba leo nasikiliza. Juzi tumepishana barabarani, alipiga honi na kupita kama kwa mteja yeyote.

Lililonigusa kuliko yote ni hapo ambapo hakuna anayekujibu. Yule mama alisema jambo zito sana kuhusu mtoto wake, kisha kimya, kisha akashukuru, akafuata mwingine. Nilidhani ni ukatili. Mara ya pili nilipokwenda nikasema na mimi, nikasema ya sindano, na nilipomaliza hakuna aliyenihurumia wala aliyenikemea. Nilikuwa sijawahi kumaliza habari hiyo bila mtu kunikatiza, hata kichwani mwangu mwenyewe.

Nina maswali mawili. Wanasema nitafute sponsa. Ni nani hasa, na anafanya nini? Na la pili, msimu wa harusi unakuja. Wateja wangu wakubwa ni wa sare za harusi, nikiwapelekea nguo wananikaribisha, na wapo ambao glasi ipo ndani ndani kule uani. Kazi siwezi kuacha.

Karani Mstaafu

Alhamdulillah. Nimesoma kwa furaha.

Sponsa ni mtu aliyeacha kabla yako, amezipitia hatua zile 12 na anakubali kukushika mkono unapozipitia. Si daktari, si sheikh, si bosi, na halipwi. Unampigia. Mwanamke achukue mwanamke, hilo kwetu hatulegezi, kwa usalama wako na kwa heshima ya kila mtu. Usimchague anayeongea vizuri. Chagua yule ambaye maisha yake ungependa kuwa nayo, na anayepokea simu. Ukimwomba akakataa usiumie, huenda ana watu wengi tayari. Na mkiwa hampatani unaruhusiwa kumbadilisha bila ugomvi.

Simu yenyewe ipigwe kabla. Akishakunywa mtu hapigi, anaona haya. Kwa hiyo piga ukiwa bado unafikiria tu, hata kama unaona unasumbua. Mimi huyu unayeniona nimepigia wenzangu nikiwa nimesimama mlango wa baa.

Harusi: nguo zipelekwe asubuhi. Asubuhi uani kuna kupika na kuchambua mchele, glasi hazijatoka. Mpeleke mtu mwingine inapowezekana, hata kijana wa bodaboda, ulipie. Ukilazimika kwenda jioni, nenda na mama au na mtu anayejua, shika soda yako mwenyewe mkononi tangu unapoingia, na uwe umeshapanga utaondoka na nani saa ngapi. Ukiulizwa, sema natumia dawa. Si uongo. Na kabla ya kwenda mpigie sponsa, na ukitoka mpigie tena.

Muuguzi wa Zamu

Naongeza dogo. Rudi kliniki tarehe uliyopewa hata kama unajiona mzima. Kikundi na hospitali havigombani. Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona kwamba tiba zinazomuunganisha mtu na mikutano ya AA zinawasaidia watu wengi zaidi kukaa bila pombe kuliko baadhi ya tiba nyingine zinazotumika sana. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa nawaambia wagonjwa "nenda ukikumbuka". Sasa nawaandikia kwenye karatasi pamoja na dawa.

Msomaji wa Pangani

Samahani kwa kuingilia. Nimekuwa nasoma tu tangu siku ya kwanza. Mimi ni mwanamume, nipo Pangani, yangu ni ya mnazi na bia, kila siku. Mikono bado haitetemeki. Saa kumi alasiri kwangu ni ngumu, nikija nitakosa gari la kurudi. Nifanyeje?

Karani Mstaafu

Mdogo wangu, nimeongea na wenzangu jioni hii. Jumamosi tutaanza saa nane mchana, na tutaendelea hivyo muda wote utakaokuwa unakuja. Nimekuandikia faragha mahali penyewe na namba yangu. Ukifika stendi nipigie, nitakuja na baiskeli kukuchukua.

Fundi wa Ngamiani

Saa nane ni nzuri hata kwangu, ninakuwa nimerudi kabla ya ile saa yangu. Kaka wa Pangani, kiti cha karibu na mlango nakuachia wewe. Mimi nimeshahama.